Manukato ya kiume ya mbao na viungo: yapi yanamfaa nani

Ukisogeza chupa ya manukato ya namna hii puani, kinachokupokea ni viungo: pilipili manga, iliki, mdalasini. Hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu alipe haraka. Lakini viungo vingi ni vyepesi, hupaa mapema, na baada ya saa mbili hivi kinachobaki kwenye ngozi ni mbao: mwerezi na msandali, pamoja na pachuli, ambayo ni majani ya kichaka, na vetiva, ambayo ni mizizi ya nyasi lakini hunukia kama kuni kavu. Mara mbili nimenunua chupa kwa kupenda dakika tano za mwanzo, na zote mbili nimezigawa. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kile utakachobaki nacho mchana kutwa, na kama kinalingana na tabia yako.

1. Terre d'Hermès

Kama ningelazimika kumnunulia mtu bila kumuuliza chochote, ningechukua hii. Ilitoka mwaka 2006, kazi ya mtengeneza manukato Jean-Claude Ellena, na inaanza kwa chungwa. Si chungwa la juisi. Ni ganda lililobanwa kwa kucha, lile tone kali linalorukia vidole. Balungi lipo pia, na uchungu wake. Kisha huja pilipili, na nyuma ya pilipili kuna harufu ambayo sijaikuta kwingine ikiwa safi namna hii: ya mawe ya gumegume yaliyogonganishwa, kavu, kama cheche imepita sasa hivi. Mwisho ni vetiva na mwerezi, na hapo inakaa.

Inamfaa mtu mtulivu. Yule anayesikiliza kwanza, anayesema kidogo kikaoni na kauli yake ikafuatwa. Kijana wa miaka ishirini anaweza kuipaka, lakini mara nyingi huonekana kama ameazima koti la baba yake. Angalia maandishi kwenye kisanduku: kuna Eau de Toilette, yaani mchanganyiko mwepesi, ambayo ndiyo ya asili, kuna Parfum ya mwaka 2009 iliyo nzito zaidi, na kuna Eau Intense Vétiver ya 2018. Anza na ya asili.

2. Déclaration ya Cartier

Ni ya Ellena huyohuyo, miaka minane kabla, yaani 1998. Ukizinusa zote mbili siku moja utaona mkono ni mmoja: machungwa machungu juu, mbao kavu chini, nafasi ya kutosha katikati. Tofauti iko kwenye viungo. Hapa iliki imemwagwa bila woga, na pamoja nayo kuna bizari nyembamba.

Bizari hiyo ndiyo inayowagawa watu. Kwenye ngozi ya mmoja inaleta joto la mwili, kitu cha karibu sana na cha kibinadamu. Kwenye ngozi ya mwingine ni jasho tu. Kwangu mimi ni nzuri kupita kiasi, na nimeiweka ya pili kwa sababu hiyo moja tu, kwamba siwezi kukuahidi itakavyokuwa kwako. Ivae siku nzima kabla ya kununua, na umuulize mtu asiyekuonea haya. Inamfaa mdadisi, mpenda mazungumzo marefu, mtu ambaye hakasiriki asipoeleweka mara moja.

3. Égoïste ya Chanel

Msandali, mdalasini, giligilani, waridi. Jacques Polge aliitoa mwaka 1990, na ni ya mtanashati: mtu anayepiga pasi hata shati la kukaa nalo nyumbani, na anayefurahia kutazamwa. Tahadhari moja tu, lakini kubwa. Usiichanganye na Platinum Égoïste. Majina yamekaribiana, ila harufu hazihusiani kabisa, na wengi wamefika nyumbani na chupa isiyo yenyewe.

4. Spicebomb ya Viktor & Rolf

Mtengenezaji ni Olivier Polge, mtoto wa yule Jacques, na mwaka ni 2012. Chupa ina umbo la bomu la mkono, hata pini yake ipo. Ndani kuna pilipili, mdalasini, zafarani, tumbaku na harufu ya ngozi kama ya mkoba. Ni ya mchangamfu, anayeingia mahali na kila mtu akajua ameingia. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu utamu wake unazifunika mbao, na kwenye joto kali inakaba. Puliza mara mbili, basi. Spicebomb Extreme ni tamu zaidi na nzito zaidi. Mimi ningeiacha kwa ajili ya usiku wa baridi.

5. La Nuit de L'Homme ya Yves Saint Laurent

Iliki na lavenda juu ya mwerezi, mwaka 2009. Nusu saa ya kwanza ni tamu kuliko zote nilizozitaja. Shida ni kwamba haikai, na hilo linalalamikiwa na wengi. Inamfaa mpole, mtu wa mahaba ya sauti ya chini. Nunua chupa ndogo unayoweza kutembea nayo.

Kuna pia Oud Wood ya Tom Ford, ya 2007, ambayo sikuipa namba. Ni nzuri na laini, lakini anayetafuta udi mzito ataona huu umetulizwa mno, na bei yake ni ya juu.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye kisanduku. Zisipofanana, rudisha. Zikifanana bado si hakikisho, kwa kuwa watengeneza feki nao hunakili namba, hivyo muuzaji unayemwamini ana thamani kuliko punguzo. Mwenye ngozi inayowasha haraka atafute maneno eugenol na cinnamal kwenye orodha ya viambato. Vyote viwili hutokana na harufu za karafuu na mdalasini, na huwasumbua baadhi ya watu.

Ukibaki njia panda kati ya mbili, puliza moja mkono wa kushoto na nyingine wa kulia asubuhi, kisha uendelee na shughuli zako. Usiamue mpaka jioni. Kwangu Terre d'Hermès hupita hata hapo: kesho yake nikilichukua shati kutoka kwenye kiti, bado kolani kuna vetiva na mwerezi, na chungwa limeshaondoka tangu jana saa tatu asubuhi.