Tovuti ya kuchagua Sekondari Pevu: orodha ni safi, nafasi ya mzazi ni finyu

Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi (CBC) lilichagua shule katikati ya mwaka wa 2025, likafanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwishoni mwa mwaka huo huo, na likaingia Gredi ya 10, mwanzo wa Sekondari Pevu, Januari 2026. Uchaguzi ulipitia tovuti ya Wizara ya Elimu ya Kenya, selection.education.go.ke. Tunaipima hapa kama huduma kwa mzazi. Mtaala wenyewe unamhesabu mzazi kuwa mshirika wa shule, na hakuna mahali ushirika huo una uzito kama hapa. Kununua manila na kuokota makopo ya mradi ni kazi ndogo ukilinganisha.

Sifa kubwa ya tovuti ni mpangilio wake. Huanzi na jina la shule. Unaanza na mkondo (STEM, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Michezo), unateremka hadi tawi la mkondo huo, kisha mseto wa masomo matatu ya kuchagua, na mwisho ndipo shule zinazofundisha mseto huo zinajitokeza. Mzazi aliyekuja na jina la shule kubwa kichwani huudhika anapolikosa kwenye orodha, lakini tovuti inamtendea haki. Ni afadhali kujua mapema kwamba shule haina mwalimu wa somo fulani kuliko kulijua hilo mtoto akiwa ameshafika na sanduku lake. Sehemu ya kujaribu uchaguzi kabla ya ule halisi nayo ni msaada mkubwa. Mzazi anaweza kukaa na mtoto jioni, simu mkononi, wakabadilisha mseto mara kadhaa na kuona shule zinavyoongezeka au kupungua. Kwa upande huu tunaipa alama nne kati ya tano.

Nafasi za shule ni 12: nne kwa mseto wa kwanza, nne kwa wa pili, nne kwa wa tatu. Kati ya hizo, tisa ni za bweni, tatu zikiwa katika kaunti ya nyumbani na sita nje yake, na tatu ni za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani au ya makazi. Familia nyingi hujikwaa kwenye hizo tatu za kutwa. Zinajazwa mwishoni, kwa haraka, kana kwamba ni za kukamilisha fomu tu. Mtoto anayeishi Embakasi, Nairobi, akijaziwa shule za kutwa za kaunti ndogo ya mababu kule Kakamega, na nafasi za bweni zikakosekana, anaweza kupangiwa shule ya kutwa ambayo hawezi kuifikia asubuhi. Chagueni za kutwa kwanza, kwa kigezo kimoja: mtoto atafikaje huko kila siku, mvua ikinyesha?

Hesabu ya fedha nayo ifanywe kabla ya kufungua tovuti. Kikomo cha karo kwa shule za C1, zile zilizokuwa za kitaifa, ni Sh53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro na nauli. Kwa mwanafunzi wa kutwa, serikali huchangia Sh22,244 kwa mwaka, na mzazi hubaki na sare na chakula cha mchana.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalioni: wakati wa kuchagua, asilimia 40 ya matokeo huwa tayari imeshaamuliwa. Alama ya mwisho ina asilimia 20 kutoka KPSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka KJSEA yenyewe. Chukua Hisabati. Mtoto aliyepata 70 katika KPSEA na wastani wa 60 katika tathmini za shuleni ana 14 na 12, jumla 26 kati ya 40. Ili afikishe 58, ambapo kiwango cha ME1 (kukidhi matarajio, ngazi ya juu) huanza, anahitaji 32 kati ya 60, yaani karibu asilimia 53 ya mtihani. Ili afikishe 75, mwanzo wa EE2 (kuzidi matarajio, ngazi ya chini), anahitaji 49 kati ya 60, karibu asilimia 82. Hesabu hiyo ya dakika mbili humwambia mzazi kama mseto wenye Fizikia na Kemia ni mpango au ni matumaini. Isiishie kwa Hisabati pekee. Ifanyeni pia kwa Sayansi. Mwombeni mwalimu wa darasa alama zilizopelekwa KNEC, baraza la mitihani, kwa sababu zile za ripoti ya muhula zinaweza kuwa za mitihani mingine ya shule.

Mkondo una uzito kuliko jina la shule pia kwa sababu ya Hisabati. Anayechagua STEM husoma Hisabati kamili. Mikondo mingine ina Hisabati ya msingi. Mtoto anayeingia Sayansi za Jamii akidhani atahamia STEM baadaye atakuta wenzake wameshamwacha mbali.

Sasa udhaifu. Anayeingiza chaguo kwenye mfumo ni shule. Mzazi anaweza kutazama na kujaribu, lakini kitufe cha kuwasilisha hakiko mikononi mwake. Pale mwalimu mmoja anapoingizia darasa la watoto sitini, mseto mmoja ukibofywa badala ya wa jirani yake, shule nne zote chini yake zinabadilika, na kosa hilo hujulikana Desemba, watoto wanapopangiwa shule. Desemba 2025, dirisha la kuomba mabadiliko lilipofunguliwa, maombi yalimiminika. Si yote yaliyotokana na makosa ya kuingiza, lakini mzazi asiye na nakala ya alichokubali hana cha kushika anapolalamika. Kwa hilo, alama mbili kati ya tano. Ujumbe mfupi kwa simu ya mzazi, wenye mseto na shule 12 na siku chache za kupinga, ungetosha.

Hadi hilo lifanyike, andikeni chaguo lote kwenye karatasi mbili: mkondo, mseto kwa masomo yake matatu, majina kamili ya shule na kaunti, kwani majina ya shule hufanana mno. Sahihi ya mzazi na ya mtoto ziwe kwenye zote. Moja ibaki nyumbani. Baada ya mwalimu kuingiza, mwombeni achapishe ukurasa au mpige picha skrini, kisha linganisheni mstari kwa mstari kabla dirisha halijafungwa.