TAHADHARI: Fundi anayekula pikapu za magitaa Mwanza

Ndugu zangu mnaojifunza gitaa la umeme hapa Mwanza, na ninyi wa Ukerewe na Sengerema mnaovuka kuleta vyombo vyenu mjini: kuna fundi wa magitaa anaiba mchana kweupe. Anaiba pikapu, yaani vile vipande vya sumaku chini ya nyuzi vinavyonasa sauti. Mimi kaniibia. Nina hasira mpaka chakula hakipiti.

Gitaa langu la umeme lilikuwa na tatizo. Sauti ilikuwa inakatakata, ukigusa waya pale kwenye jeki (tundu la kuchomekea waya) linakoroma, ukiachia linanyamaza. Nikampelekea huyo fundi kwenye baraza ya duka anapokaa, maeneo ya Makoroboi. Akalifungua mbele yangu, akapachika mita ya kupimia umeme, akatazama, akatikisa kichwa taratibu kama daktari mwenye majibu mabaya. "Dogo, pikapu zote mbili zimeungua. Amplifaya mnayotumia ni kubwa." Akatoa begini kiboksi, ndani pikapu imeviringishwa karatasi laini, imeandikwa Seymour Duncan, jina la kampuni ya pikapu. Akanishikisha. Akasema hii ni aina inayoitwa JB, imetoka Marekani, itakaa kwenye daraja (pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa), na ya shingoni anayo pia. Zote laki na themanini, na zile mbovu abaki nazo ili anipunguzie. Nikamtumia pesa kwenye simu palepale. Akaniambia nirudi jioni. Niliporudi gitaa lilikuwa limeshafungwa, limefutwa vumbi, linang'aa.

Mtu asije kuniuliza nilimwaminije. Alikaza nyuzi zote sita kwa sikio tu, kisha akapiga sebene mpaka wapita njia wakasimama na mizigo yao kichwani. Mwalimu wetu wa kwaya alipita akamsalimia kwa jina. Mtu anayepiga vile, anayefahamika na watu wa kanisani, ungemdhania mwizi?

Nyumbani sauti nyembamba, na nikisogelea amplifaya linapiga mluzi. Nikadhani ni mimi sijui kurekebisha. Kaka yetu wa besi akafungua bamba, na hapo ndipo niliposikia aibu mbele ya kwaya nzima. Pikapu ya shingoni haijaungwa popote! Ni ganda tu limewekwa kuziba tundu. Ile "JB" ilitoa ukinzani wa kilo-omu 7 kwenye mita, wakati JB halisi hutoa kama 16, tena hutoka na nyaya nne za rangi pamoja na mmoja mtupu. Yangu ina mbili. Na kwenye jeki kuna risasi mpya ya kuungia nyaya, inang'aa. Ugonjwa ulikuwa pale tu, risasi ya jeki iliachia. Hicho ndicho alichotengeneza, kazi ya dakika chache, halafu akaondoka na pikapu zangu nzima.

Nimempigia, kanifungia namba. Barazani hayupo. Huyu akamatwe, awekwe ndani, arudishe kila pikapu aliyochukua kwa vijana wanaojinyima nauli ili wajifunze muziki. Mwenye duka anayempa kivuli naye ahojiwe! Taarifa nimeshapeleka polisi. Nani mwingine kaibiwa? Twende pamoja, tukiwa wengi hawatatupuuza.

Mkikutana naye: ana begi jeusi la mgongoni, mpole sana, mita anaigeuzia upande wake. Akikwambia amplifaya imeunguza pikapu, ondoka na gitaa lako. Pikapu ya kawaida ni sumaku na waya wa shaba uliozungushwa, inapeleka sauti kwenye amplifaya, haipokei umeme kutoka huko. Pimeni na kupiga picha kabla ya kumwachia fundi yeyote, na kitu cha zamani kikitolewa mrudi nacho.

Pikapu zangu ni nyeusi, chini zina alama ya rangi nyekundu ya kucha, dada yangu ndiye aliyeziwekea. Ukiuziwa, hata kama ni Bukoba au Musoma, nitumie ujumbe. Na anayetaka namba ya huyo mtu aniulize pembeni nitampa.