Semina ya Ufundishaji kwa Wakufunzi, Moshi: Siku Mbili Zilizostahili Ada Yake

Nilihudhuria semina hii ya wakufunzi wa vyuo vya kati nikitarajia, kusema kweli, maneno yale yale ya kila mwaka. Haikuwa hivyo. Asubuhi ya kwanza mwezeshaji alitupa aya fupi kuhusu figo, kisha akataka nusu yetu tuisome tena na nusu tufunike karatasi na kuandika kila tulichokumbuka. Kesho yake alipotupima bila taarifa, sisi tuliofunika karatasi tulikuwa mbele, ingawa jana yake tulijiona wajinga. Ndipo akatueleza jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006 nchini Marekani, ambamo waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 42, huku waliojipima wakikumbuka 56.

Mada ya kutawanya marudio (kurudia somo kwa vipindi vilivyoachana badala ya yote kwa mkupuo), ambayo mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus aliigusia tangu 1885, ilipitishwa mbiombio baada ya chai. Vitini vilichapwa kwa wino hafifu hata grafu hazikusomeka. Zaidi ya hayo, hakuna aliyenijibu jinsi mkufunzi mwenye wanafunzi 140 atakavyosahihisha majaribio ya kila wiki. (Nimejijibu mwenyewe: wabadilishane madaftari, alama zisirekodiwe.)

Kwa shilingi 60,000 pamoja na chakula cha mchana, sijuti. Jumatatu nilifungua kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, na sauti kutoka nyuma ikaguna, “Mwalimu, mtihani tena?”