Gabapentini kwa Macho Yanayotikisika: Tathmini ya Mgonjwa wa Mjini Moshi

Nimetumia kapsuli za gabapentini kwa miezi saba, si kwa kifafa wala kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo matumizi yaliyotajwa kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi langu, bali kwa macho yanayotikisika yenyewe. Nilipata kiharusi kwenye shina la ubongo, nikapata nafuu ya kutosha kurudi darasani, na miezi kadhaa baadaye mboni zikaanza kupanda na kushuka bila kukoma. Daktari alinimulika kinywani kwa tochi, akaona kaakaa laini nalo likicheza, akanieleza kwamba tatizo hili la macho na kaakaa huweza kujitokeza miezi mingi baada ya kiharusi chenyewe. Kibao cha daladala ya Kiboriloni sikuweza tena kukisoma mpaka gari lisimame mbele yangu, na asubuhi isiyo na mawingu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kilirukaruka angani, jambo lililowachekesha wajukuu kuliko mimi.

Nilianza na miligramu 300 usiku, zikaongezwa polepole hadi 300 mara tatu kwa siku. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu: nilisinzia nikisahihisha madaftari, na nilitembea nikiyumba kama mtu anayetoka kilabuni kunywa mbege. Wiki ya tano ndipo nilipogundua kwamba nimesoma ukurasa mzima wa gazeti bila kuweka kidole chini ya mstari. Macho hayajatulia kabisa, na nikichoka mlima huanza tena kucheza, lakini daktari alikuwa amenionya tangu mwanzo kwamba dawa hii hupunguza mtikisiko tu, haiponyi jeraha la ubongo.

Niliuliza kwa nini sikupewa baklofeni, ambayo jirani yangu anaitumia kwa misuli iliyokakamaa. Nilijibiwa kwamba baklofeni hufaa zaidi kwa macho ambayo mtikisiko wake hubadili upande kila baada ya dakika chache, na kwamba utafiti wa mwaka 1997 uliolinganisha dawa hizi mbili uliipa gabapentini ushindi kwa mtikisiko wa aina yangu, unaokwenda na kurudi kama pendulamu. Memantini, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, ingekuwa hatua ya pili.

Kuhusu maduka ya dawa, nina malalamiko. Katika duka la kwanza, ambalo sitalitaja, muuzaji alisoma cheti changu akaniuliza kwa sauti mbele ya wateja, “Mama, kifafa kimekuanza lini?” Mfamasia wa duka la pili alianza kwa shikamoo, kisha akauliza kama figo zangu ni nzima, kwa kuwa dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo na mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Alinikataza pombe, akanitaka nitenganishe kapsuli na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu kwa saa mbili, na akasisitiza nisiiache ghafla.

Agizo hilo la mwisho ndilo gumu kulitimiza, kwa sababu mara mbili nimekuta dawa imeisha dukani, na sasa hununua boksi jipya zikiwa zimebaki kapsuli za siku kumi.