Tathmini: Kozi ya Jioni ya Ushauri Nasaha, Mombasa

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya cheti cha msingi katika ushauri nasaha, inayofundishwa jioni katika chuo kimoja cha binafsi mjini Mombasa ambacho sitakitaja jina. Darasa letu lilikuwa na walimu wa sekondari, wauguzi, imamu, mchungaji na maafisa wachache wa ustawi wa jamii, na wengi wetu tulikuwa tumekwisha kukabidhiwa kazi ya kuwashauri watu kabla ya kufundishwa namna ya kuifanya. Kwa walimu hilo si jambo geni. Tangu adhabu ya viboko ipigwe marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, idara ya ushauri nasaha imetarajiwa kuziba pengo hilo, na mara nyingi hupewa mwalimu anayeonekana mpole, awe amesomea au hakusomea.

Nadharia ilifundishwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mkufunzi, mama mwenye uzoefu wa hospitali, alimpitia Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, kwa haraka ili tujue mjadala ulianzia wapi, kisha akatua kwa mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye katika makala yake ya mwaka 1957 alidai kwamba kinachomsaidia mteja ni namna ya uhusiano uliopo kati yake na mshauri: mshauri awe mkweli wa nafsi, amkubali mteja bila masharti, na aingie katika hisia zake kana kwamba ni zake mwenyewe, bila kusahau kwamba si zake. Baada ya hapo tulisoma Albert Ellis na Aaron Beck, wanaoelekeza jicho kwenye fikra zinazosimama kati ya tukio na maumivu. Tulipewa kisa kimoja cha mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyejitenga na wenzake baada ya kufeli mtihani, tukatakiwa kukishughulikia kwa njia ya Rogers, kisha kwa njia ya Beck. Kwa njia ya kwanza tulimsikiliza mpaka akataja hofu yake ya baba. Kwa njia ya pili tulimsaidia kuipima kauli yake kwamba aliyefeli hisabati hana maisha. Zoezi hilo lilinifunza tofauti ya nadharia hizo kuliko kabrasha zima la darasani.

Mazoezi ya stadi yalifanywa kwa makundi ya watatu, mmoja akiwa mshauri, mwingine mteja na wa tatu mtazamaji. Chumba kilikuwa kidogo na makundi yalisikilizana, lakini yaliyojitokeza humo yalikuwa na thamani. Sisi walimu tulionekana wagonjwa wa ugonjwa mmoja: mteja hajamaliza sentensi, tayari tumeshampa jawabu. Mkufunzi alitulazimisha kukaa kimya, kumrudishia mteja hisia zake kwa maneno mengine, na kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. Palizuka ubishi kuhusu mkao aliouelezea Gerard Egan katika kitabu chake cha stadi za ushauri, unaomtaka mshauri amwelekee mteja na kumtazama machoni. Muuguzi mmoja alisema waziwazi kwamba akimkazia macho mzee wa makamo ya babake, mzee atanyanyuka aondoke zake. Mkufunzi hakukitetea kitabu. Alisogeza viti vikae upande kidogo, akatuambia lengo ni mteja ajue kwamba anasikilizwa, nasi tukaendelea.

Maadili ndiyo yaliyoniudhi. Somo hilo liliwekwa mwishoni, likafundishwa na mkufunzi mwingine aliyekuwa akikimbizana na saa, nalo likawa orodha ya kanuni za kukariri: heshima kwa uamuzi wa mteja, kutenda mema, kutodhuru, haki. Kuhusu mipaka ya usiri tulisimuliwa kesi ya Tarasoff, ambamo Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1976 kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu ambaye mteja wake anatishia kumdhuru. Ni kesi muhimu, sikatai. Hata hivyo, hakuna aliyetaja waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma kwa Walimu, unaomtaka mwalimu aliyepata habari za mwanafunzi kudhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Mwalimu anayemwahidi mtoto kwamba siri haitatoka kamwe, kisha akasikia habari ya namna hiyo, amejifunga kwa ahadi asiyoruhusiwa kuitimiza. Ahadi ya usiri inapaswa kutolewa pamoja na mipaka yake tangu kikao cha kwanza, na hilo lilistahili jioni nzima. Zaidi ya hayo, kabrasha lilieleza kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai, ilhali Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Mshauri anayeamini maelezo hayo ya zamani anaweza kumtisha mteja kwa polisi wakati anapomhitaji aseme yote.

Usimamizi wa kitaalamu, yaani mshauri mwenye uzoefu kuzipitia kesi za mwanafunzi pamoja naye, haukuwepo kabisa. Nilipouliza, niliambiwa hupatikana katika ngazi ya diploma.

Kwa mwalimu, kiongozi wa dini au afisa wa rasilimali watu anayetaka kujifunza kusikiliza, karo inastahili kulipwa, hasa kwa ajili ya yule mama na mazoezi yake. Anayekusudia kufungua ofisi na kupokea wateja asiitegemee: Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inadai usajili, na tangazo la chuo halikulieleza jambo hilo. Kabla ya kulipa, uliza ofisini kama cheti kinatambuliwa na bodi ya usajili, nani atasimamia kesi zako, na kabrasha la maadili lilirekebishwa lini.