Project Euler: wapenda hesabu njooni huku, ni bure na ni tamu

Jamani kama unapenda hesabu kwa dhati, sio zile za kukariri fomula ukafaulu mtihani ukasahau, naongelea swali linalokaa kichwani mpaka unashuka kituo sio chako, basi fungua Project Euler, tovuti ya maswali ya hesabu, leo leo. Hulipii kitu, na kurasa zake ni maandishi karibu yote kwahiyo hata bando dogo linatosha kabisa.

Ilianzishwa 2001 na Colin Hughes na saa hizi maswali yamevuka 900. Utaratibu ni rahisi, unasoma swali, unatafuta njia yako, mara nyingi unaandika programu kidogo, unaingiza jibu ambalo ni namba, unaambiwa umepata au umekosa, basi. Hamna wa kukuonyesha hatua. Ukishapata ndo unafunguliwa usome wenzako walipitia wapi, na hapo napo ni shule nyingine kabisa maana unakuta mtu kamaliza kwa kalamu na karatasi kitu ulichokiandikia programu ya mistari arobaini.

Swali la 1 hata mtoto wa form two analiweza, jumlisha namba zote chini ya 1000 ambazo ni vigawe vya 3 au vya 5, asihesabu tu 15 na wenzake mara mbili. Ila msidanganyike na mwanzo huo.

Mimi lililonikamata ni la 46. Mwanahisabati Goldbach, huyuhuyu wa lile wazo kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, ambalo mpaka leo halijathibitishwa, mwaka 1752 alimwandikia mwanahisabati mwenzake Euler wazo jingine, kwamba kila namba witiri isiyo tasa (kuanzia 9) unaweza kuipata kwa namba tasa ukiongeza mara mbili ya namba iliyopigwa kipeo cha pili. 9 ni 7 + 2×1², 15 ni 7 + 2×2², 33 ni 31 + 2×1², inakubali tu. Euler akaikagua kwa mkono mpaka 2500 na ikazidi kukubali! Kumbe sio kweli. Ilikaa zaidi ya miaka mia ndo mwanahisabati Stern akapata namba mbili zinazokataa, 1856. Project Euler wanakuuliza ya kwanza ni ipi, sisemi, ila programu fupi tu inakuletea kabla hujapepesa jicho, na ukiiona jinsi ilivyo karibu na pale Euler alipoishia unamhurumia yule mzee na unamheshimu zaidi kwa wakati mmoja.

Halafu la 66, hapa ndo utajua kompyuta peke yake haikusaidii. Unapewa x² − Dy² = 1 utafute x ndogo kabisa, x na y zote ziwe namba kamili kubwa kuliko sifuri, kwa kila D mpaka 1000 (zile ambazo zenyewe ni kipeo cha pili zinaachwa). D ikiwa 13 x ni 649, sawa. D ikiwa 61 x ni 1766319049!! Na zipo D ambazo x yake inavuka tarakimu 30, ukisema ujaribu moja moja utazeeka na laptop yako. Ila Bhaskara wa India alishaipata hiyo ya 61 karne ya 12, bila mashine yoyote, miaka mia tano kabla mwanahisabati Fermat wa Ufaransa hajawarushia wenzake Ulaya swali hilohilo mwaka 1657. Mlinganyo wenyewe unaitwa wa Pell kwasababu Euler alidhani kimakosa kwamba kazi ni ya mtu anayeitwa Pell, mimi kwa kweli naona jina lingebaki India.

Ndo maana wana ile kanuni yao ya dakika moja, kila swali lina njia ambayo kompyuta ya kawaida inamaliza ndani ya dakika. Programu yako ikikaa nusu saa ujue sio mashine mbovu, ni hesabu hujaiona bado. La 67 linaonyesha hili vizuri sana, pembetatu ya namba yenye mistari 100, unatafuta njia ya kushuka yenye jumla kubwa kuliko zote, na njia zipo 2⁹⁹, huwezi kuzipita zote hata uwe na mashine ya namna gani, lakini ukianzia chini ukapanda juu ni kazi ya sekunde.

Kasoro zipo. Ni Kiingereza na maelezo yake mafupi sana, mwanafunzi aliyesoma hesabu kwa Kiswahili anaweza kukwama kwenye maneno kabla ya kukwama kwenye hesabu. Pia ugumu unaruka ghafla, umetoka kupeta maswali kadhaa halafu unakutana na moja linakuweka wiki nzima. Na asiyejua programu kabisa atafute kwanza msingi wa Python, lugha ya kuandikia programu, hata app ya kwenye simu inatosha kuanzia.

Ushauri wangu piga 1 mpaka 10 kwa mpangilio halafu ingia la 14, la Collatz, namba ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri zidisha kwa 3 ongeza 1, rudia. Anza na 27 kwa kalamu uone, inapanda mpaka 9232 na inachukua hatua 111 kufika 1, na hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba lazima ifike. Aliyeshatatua maswali ya namba 100 na kuendelea aniambie, natafuta mtu wa kubishana naye.