Uzi wa kununua kwa shali ya lesi na shali ya rangi: wa kwanza hadi wa mwisho

Ukiminya donge la uzi dukani, mkono hupenda ulaini. Kwa miaka mingi nami nilinunua hivyo, na karibu kila shali iliyoniharibikia ilifumwa kwa uzi laini ajabu. Siku hizi najiuliza jambo jingine: uzi huu ukilowa utafanyaje?

Shali ya lesi haimalizikii kwenye sindano. Ukifunga kitanzi cha mwisho, unachoshika ni kitu kilichojikunyata, na maua yake hayaonekani. Unailoweka, unaikamua ndani ya taulo, unaitandaza ingali mbichi na kuivuta kwa pini hadi kila tundu lifunguke. Ikikaukia hapo, inakaa hivyo. Ila si kila uzi unaokubali kukaa. Mpangilio wangu umetokana na hilo.

1. Sufu ya kondoo isiyotibiwa, yenye nyuzi mbili

Kama unanunua uzi mmoja tu, nunua huu. Unywele wa sufu una magamba madogo yanayoshikana na ya jirani, na una mnyumbuko wa asili. Ukiuvuta ukiwa umelowa, unakaukia pale ulipouacha. Sufu ya aina hii ndiyo iliyovipa sifa visiwa vya Shetland, huko Uskoti, kwa mambo yote mawili: sweta za rangi nyingi, na shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete.

Kwa kufuma rangi mbili katika mstari mmoja, mshikano huo ni baraka. Nyuzi za rangi isiyotumika, zinazopita nyuma, zinatulia mahali pake, na baada ya kuoshwa sufu inafura kidogo na kuziba mianya kati ya rangi na rangi. Kwa lesi, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja hufungua matundu vizuri. Uzi wenye nyuzi tatu au nne hutoa kitanzi cha mviringo kinachoelekea kuziba tundu.

Lawama yake ni kwamba inawasha. Kuna inayowasha kweli, lakini usiihukumu kwa kiganja, maana kiganja ni kigumu. Iweke shingoni, chini ya sikio, kwa dakika chache. Ujue pia kwamba sufu nyingi hulainika baada ya kuoshwa mara ya kwanza.

2. Merino na hariri

Kwa lesi peke yake, huu ungegombea nafasi ya juu. Merino, sufu laini ya kondoo wa jina hilo, inaleta mnyumbuko, hariri inaleta mng'ao na uzito unaoifanya shali ianguke vizuri begani. Kwa shali ya sherehe sijaona kinachoushinda. Naushusha kwa sababu mbili: hariri inateleza, kwa hiyo kitanzi kikidondoka kinashuka mistari mingi kabla hujakidaka, na katika kazi ya rangi mbili, mng'ao wake hufifisha mipaka ya maua. Ununulie sindano za mbao au mianzi, zile za chuma zitakutesa.

3. Alpaka

Ni manyoya ya mnyama wa Amerika Kusini, wa jamii ya ngamia. Ina joto na ulaini, na wengi ambao sufu huwawasha huivaa bila shida. Udhaifu wake ni kukosa mnyumbuko: shali kubwa ya alpaka hurefuka kwa uzito wake. Tafuta iliyochanganywa na sufu, nusu kwa nusu ikiwezekana, na hapo inakuwa chaguo zuri sana.

4. Mohea na hariri

Manyoya ya mbuzi wa Angora juu ya uzi mwembamba wa hariri. Shali yake ni nyepesi kama ukungu, ina joto, na inafumwa haraka kwa sindano nene. Lakini haifumuki kwa urahisi. Ukikosea, manyoya yamekwisha kushikana, na unafumua kitanzi kimoja kimoja huku machozi yakilengalenga. Chagua mtindo rahisi, na usianze nayo.

5. Merino ya kuoshwa kwa mashine

Naiweka chini kuliko wengi wangefanya. Ndiyo yenye rangi za kuvutia kuliko zote, na ni laini. Ila mara nyingi imepatikana kwa kuondoa yale magamba au kuyafunika kwa utando, kwa hiyo kile kilichoifanya sufu ishikane hakipo tena. Niliwahi kufuma nayo shali ya pembetatu iliyonitosha kikamilifu. Ilipotoka majini ilikuwa imerefuka hadi magotini. Ukiipenda, fuma kwa kukaza kidogo. Ni nzuri kwa shali ya mistari, na kwa ule ufumaji wa kuruka vitanzi unaotumia rangi moja kwa kila mstari.

6. Pamba na kitani hufaa mabegani wakati wa joto. Havinyumbuki, huchosha vidole, na pamba ni nzito. Vitanzi huonekana safi, lakini matundu hurudi kujifunga baada ya kuvaliwa.

7. Akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, naiweka mwisho kwa lesi kwa sababu kuilowesha na kuibana kwa pini hakuisaidii; ikikauka inarudi ilivyokuwa. Inatii mvuke wa moto tu, na mvuke ukizidi inalegea na hairudi tena. Kwa kujifunzia, au kumfumia mtu asiyeweza kuvaa sufu kabisa, inunue bila aibu.

Unene na kiasi

Soma mita kwenye lebo, usisome gramu peke yake. Uzi wa lesi kamili una takriban mita 800 kwa gramu 100. Ule wa soksi na shali za kawaida una takriban mita 400. Anayeanza aanze na huu wa pili. Shali ya wastani hula kati ya mita 400 na 800, na yenye rangi mbili kwa mstari hula zaidi, kwa kuwa uzi mmoja daima unasafiri nyuma. Kumbuka pia kwamba nyuma ya shali huonekana, tofauti na sweta, kwa hiyo nyuzi hizo zipite kwa utaratibu.

Kuchagua rangi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rangi mbili zinaweza kugombana vizuri kwenye rafu halafu zikamezana ndani ya shali, kwa sababu zina giza sawa. Weka madonge pamoja, yapige picha, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Yakifanana, rudisha moja. Nyekundu na buluu iliyokolea zijaribu kabla ya kuziweka karibu na nyeupe: lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe hadi kikauke, uone kama kinachuja. Kwa lesi nzito ya maua, epuka uzi wenye rangi nyingi zinazobadilikabadilika. Jicho hufuata rangi na kuacha mchoro uliouhangaikia kwa wiki nzima.

Madonge yote yawe na namba ileile ya fungu la rangi kwenye lebo, yaani yawe yametiwa rangi pamoja. Na kama duka linaruhusu, nunua kwanza donge moja, ukiomba mengine ya fungu hilo yawekwe kando. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kioshe, kibane kwa pini, kikikauka kitundike usiku kucha kwa vibanio. Kipime asubuhi. Kama kimerefuka, bado una nafasi ya kuyaacha yale mengine.